Goti Lililommaliza Jimmy Connor

Mashabiki wa Simba pale Nyamuswa wanajua kwamba hadi mwaka 1971 klabu yao iliitwa Sunderland. Sunderland ya Uingereza ilitwaa ubingwa wa ligi mwaka 1936, mwaka uleule Simba ilipozaliwa, na kikosi chake kilijaa Waskoti, kuanzia kocha Johnny Cochrane hadi winga wa kushoto, Jimmy Connor.

Connor, mzaliwa wa Renfrew, alitoka St Mirren mwaka 1930. Aliichezea Scotland mara nne. Januari 1937, katika mechi ya Kombe la FA dhidi ya Luton, aliumia goti. Mei Mosi wenzake walilibeba kombe hilo kwa kuifunga Preston 3-1, na bao la tatu lilifungwa na Eddie Burbanks, aliyerithi nafasi yake. Connor hakurudi tena katika ubora wake. Mwaka 1939 alistaafu, na alikuwa hajatimiza hata miaka 31.

Enzi hizo hapakuwa na wachezaji wa akiba. Ligi ya Uingereza iliwaruhusu mwaka 1965. Aliyeumia alisogezwa pembeni, akachechemea hadi kipenga cha mwisho. Kitaalamu huo ni ukatili. Kano zinazofunga mfupa wa paja na wa muundi zikikatika, goti hulegea, na kila hatua husaga gegedu zilizo katikati. Jeraha la kupona kwa miezi kadhaa hugeuka kilema.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu kwenye viwanja vyetu vya mchangani, ambako akiba wapo benchi, bado kijana hufungwa kitambaa gotini na kuambiwa akaze. Jioni anachuliwa kwa maji moto, na uvimbe unazidi.

Akisikia kitu kimelia “pa” ndani ya goti, likavimba ndani ya saa chache, au likamsaliti anapogeuka, mtoeni. Mwekeeni gotini maji baridi au barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, bandeji isiyobana sana, na mguu uinuliwe. Kuchua kusubiri. Asipoweza kukanyaga, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, akapimwe na kupigwa picha. Kano iliyokatika siku hizi hutengenezwa upya kwa upasuaji hapa nchini, katika taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili, na mazoezi ya tiba huchukua miezi tisa au zaidi.

Viongozi wa timu, fungu la matibabu litengwe kabla ya fungu la jezi.