Unapunguza Uzito, Watoto Wanataka Aiskrimu

Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, lakini limewavunja moyo akina mama wengi walioanza kupunguza uzito. Jambo lenyewe ni aiskrimu.

Tuseme ulienda kliniki, muuguzi akakupima, akakwambia shinikizo la damu limepanda na uzito umezidi. Umeacha soda, umepunguza chapati, na kila asubuhi unatembea. Kisha inafika Jumamosi, mwisho wa mwezi. Uliwaahidi watoto aiskrimu mjini, na ahadi ni deni. Mmefika dukani, na mdogo wao anauliza, "Mama, mbona wewe huli?"

Akina mama wengine hukataa kabisa, halafu wakifika nyumbani hula kwa kujificha kile kilichobaki. Wengine husema, "Leo nimeshaharibu," wakaagiza kubwa kuliko zote. Njia hizo mbili hazisaidii. Iko njia ya tatu, nayo ni kuchagua.

Kwanza ujue hauko peke yako. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu hapa Kenya ulionyesha kuwa mwaka wa 2014, wanawake 33 kati ya kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Kufikia mwaka wa 2022 walikuwa 45 kati ya kila 100.

Sasa tuangalie kalori. Kalori ni kipimo cha nguvu ambazo chakula huupa mwili. Nguvu zisizotumika huwekwa mwilini kama mafuta. Gramu moja ya sukari ina kalori 4, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Aiskrimu ina sukari na mafuta pamoja, na kadiri krimu inavyozidi ndivyo kalori zinavyozidi.

Donge moja dogo la aiskrimu ya vanila ya kawaida, yaani nusu kikombe, lina kalori karibu 140. Ile nzito, yenye krimu nyingi, inaweza kufika 250 kwa kiasi kicho hicho. Yogati iliyogandishwa ina kama 115. Sorbeti, yaani barafu ya matunda isiyo na maziwa, huwa karibu 100. Barafu ndogo ya kijiti, iliyotengenezwa kwa maji na juisi, mara nyingi haifiki 80.

Lakini mama, usidanganywe na jina. Sorbeti haina mafuta, ila sukari yake ni nyingi. Yogati nayo ukiijaza kikombe kikubwa na kuimwagia chokoleti, utakuwa umepita hata aiskrimu ya kawaida. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Tuhesabu pamoja. Madonge mawili ya aiskrimu ya kawaida ni kalori 280. Koni kubwa ya kaki tamu ni kama 120. Vijiko viwili vikubwa vya rojo ya chokoleti ni kama 100. Kijiko kikubwa cha njugu ni kama 50. Jumla ni 550. Mwenzako aliyechukua donge moja ndani ya kikombe amekula 140 tu, na ladha ni ile ile. Tofauti hiyo ni ya kutembea kwa haraka zaidi ya saa moja.

Kwa hivyo ukifika dukani, amua kabla ya kuangalia picha za ukutani. Mwambie muuzaji, "Nipe donge moja dogo, kwenye kikombe, bila kitu juu." Ukitaka koni, chukua ile ndogo nyepesi, ambayo ina kalori kama 20. Ukitaka kitu juu, omba vipande vya embe au nanasi. Milkisheki iache, kwa kuwa huchanganya aiskrimu, maziwa na sukari katika bilauri moja. Kisha kaa chini, ule polepole pamoja na watoto. Mtoto akiuliza, mjibu, "Nakula kidogo kinachonitosha." Anajifunza kutoka kwako.

Kuna tahadhari nne. Kwanza, mtoto mdogo hapunguzwi uzito kwa mashauri ya jirani. Ukiwa na wasiwasi, mpeleke kliniki apimwe. Pili, mama mjamzito au anayenyonyesha asianze kujinyima chakula kabla ya kuongea na mhudumu wa afya. Tatu, mwenye kisukari akumbuke kuwa matunda kwenye jina hayaondoi sukari. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja kwa kumi ya nguvu za chakula cha siku. Kwa mtu mzima anayetumia kalori 2,000, hiyo ni gramu 50, kama vijiko 12 vya chai, na chai yako ya asubuhi imo katika hesabu hiyo. Nne, aiskrimu iliyoyeyuka ikagandishwa tena isiliwe, maana inaweza kuwa na vijidudu.

Na mwisho wa mwezi ukiwa mbali, ikiwa una friji, ponda ndizi mbivu au embe, changanya na maziwa lala yasiyo na sukari, ugandishe. Watoto watafurahia, na wewe unajua kilichomo.

Kwa leo naishia hapo. Kupunguza uzito ni safari ya miezi mingi, na donge moja la Jumamosi haliwezi kuivunja. Kwaheri, tuonane katika mazungumzo yajayo.

MAMBO YA KUKUMBUKA
1. Angalia kiasi kwanza, jina baadaye.
2. Kikombe ni bora kuliko koni kubwa.
3. Vinavyomwagwa juu navyo vina kalori.
4. Kula mbele ya watoto, si kwa kujificha.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI
1. Mara ya mwisho ulipowapeleka watoto mjini, mlikula nini, na kiasi gani?
2. Ni zawadi gani nyingine, isiyo ya kula, mtoto anaweza kufurahia?