Korona na saratani: kwa nini usiruke siku za mionzi

Tarehe 6 Aprili 2020, serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake ili kuzuia korona. Marufuku hiyo iliondolewa Julai 7. Kwa mgonjwa wa saratani aliyetoka kaunti nyingine kutibiwa Nairobi, miezi hiyo mitatu ilikuwa mtihani: akisafiri, kuna korona na vizuizi barabarani, akibaki nyumbani, ugonjwa unaendelea.

Hofu ya korona ilikuwa na msingi. Dawa za kemo hupunguza chembechembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili.

Lakini saratani nayo haingoji. Mionzi hutolewa kidogo kidogo, kwa kawaida siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Siku zikirukwa, seli za saratani zilizosalia hupata nafasi ya kuongezeka tena.

Kwa hivyo, msikilizaji, njia ikifungwa au nauli ikikosekana, usinyamaze. Pigia kliniki simu mapema. Daktari anaweza kupanga upya matibabu na kufidia siku zilizopotea. Safiri na kadi ya kliniki na barua ya daktari. Na ukishikwa na homa ukiwa kwenye kemo, usingoje kuche. Nenda hospitali mara moja.