MAPANGO YA JUANI, MAFIA: KABLA HUJAINGIA, ULIZA MAJI



Mimi mtoto wa Kibuta, Kisarawe. Kwetu ni mihogo na mikorosho, bahari tunaisikia tu kwa watu. Ndo maana nilipofika Mafia, ambako ni mkoa wetu huohuo wa Pwani, nilijiona kama nimetoka nje ya nchi. Na nusura nisirudi. Naandika haya kwa sababu najua wengi mkiona picha za mapango na yale maji ya bluu mnatamani kwenda. Nendeni, ila someni kwanza.

Njia si ngumu. Unashuka Mbagala, unachukua gari la Nyamisati, unavuka kwa boti hadi Kilindoni. Hapo gari tena mpaka Utende, unalipa kiingilio cha Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, halafu mashua hadi kisiwa cha Juani. Watu wengi huenda kuangalia magofu ya Kua. Mi nilifuata mapango.

Sasa mapango yanatoka wapi? Juani yote ni matumbawe yaliyokufa yakawa jiwe la chokaa. Kiasi cha miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo, matumbawe yakaota, maji yaliposhuka yakabaki nchi kavu. Jiwe la chokaa lina udhaifu mmoja: mvua ikichanganyika na hewa ukaa inakuwa na ukali kidogo, inalila polepole. Kwa chini nayo mawimbi yanachimba. Pango likipanuka sana paa linaanguka, linabaki shimo. Kama nyufa zake zimefika baharini, maji chumvi yanaingia kwa chinichini. Hapo ndo unapata ziwa dogo limejificha katikati ya mawe na miti, mlango wake wa bahari huuoni, lakini maji yanapanda na kushuka.

Juani wanalo ziwa la namna hiyo. Ndani kuna konyeza wanaolala chali, mikono juu, kwa sababu mwilini mwao wanaishi mwani wadogo sana wanaohitaji jua. Mwangalie, usimshike.

Tukirudi kwenye kisa changu. Upande wa bahari kuu niliona upango chini ya jabali, maji yako kifundoni. Nahodha akasema, "Mwanangu, subiri kesho asubuhi, maji yameshageuka." Mi nikajifanya mjuaji, nikaingia na simu mkononi kupiga picha. Sidhani kama ilipita saa moja na nusu. Nilipogeuka maji yalikuwa kiunoni, na kila wimbi likija mlango unazibwa. Nilitoka kwa kuvutwa kamba, magoti yamechanika, simu imebaki humo. Mzee wa watu hakunigombeza hata kidogo, na hiyo ndo iliniuma zaidi.

Kumbe hesabu yenyewe si ngumu. Maji hujaa kwa saa 6 hivi, yanakupwa saa 6 hivi, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa kule inazidi mita 3. Mwezi nusu ni maji mafu, yanacheza kidogo. Na hayapandi sawasawa! Saa ya kwanza yanajivuta, unaona shwari. Saa ya 3 na ya 4 ndo yanakuja mbio, karibu nusu ya maji yote. Mimi yalinikuta hapo.

Kwa hiyo:

1. Ingia maji yakiwa bado yanakupwa, toka kabla hayajageuka.
2. Siku za bamvua mapango ya chini achana nayo.
3. Vaa viatu, lile jiwe linakata kama wembe.
4. Usiingie peke yako, mmoja abaki nje.
5. Mwenyeji akisema bado, ni bado.

Sisi wa bara tunadhani kujua kuogelea kunatosha. Hakutoshi. Wale wazee hawana karatasi ya ratiba, wanaangalia mwezi tu, na mara zote wako sahihi kuliko simu yako.

Mwenye nyongeza, hasa ndugu zetu wa Mafia, atupie hapo chini. Nikikosea nisahihisheni.

Naomba kuwasilisha.