Pikapu za betri kwenye gitaa: tazama vidhibiti kwanza

Pikapu tunayoizungumzia si gari. Ni kile kifaa cha sumaku na koili kilicho chini ya nyuzi za gitaa la umeme. Aina ya hambaka ina koili mbili zilizopangwa kinyume, hivyo mvumo unaoingia kwenye moja hufutwa na nyingine. Pikapu za betri, kama EMG 81 ambayo James Hetfield wa Metallica aliitumia miaka mingi, zina kikuza sauti kidogo ndani yake, na sauti haififii hata waya ukiwa mrefu.

Tatizo huanza pale fundi anapobadilisha pikapu na kuacha vidhibiti vya zamani. Hambaka za kawaida hutumia vya kiloomu 500, hizi hutaka vya 25. Ukiacha vya 500, kitasa cha sauti kinageuka swichi: ama kelele, ama kimya. Tundu la waya nalo liwe la stereo, kwani ndilo linalowasha betri ya volti 9. Waya ukibaki umechomekwa, betri inaendelea kuliwa.

Kwa mpiga solo wa dansi anayeipandisha na kuishusha sauti kwa vidole, sisi tungemshauri azijaribu kwanza kwenye gitaa la mwenzake. Wapo wanaoona zinabana. Pia afungue mgongo wa gitaa lake: betri ikikosa nafasi, itabidi mbao ichongwe.