Capella: Pacha Wawili, Mmoja Ametangulia Kuzeeka

Capella ni nyota ya sita kwa mng'ao katika anga la usiku. Anayeishi London haioni ikitua mwaka mzima, na aliyeko Dar es Salaam huiona upande wa kaskazini jioni za Januari na Februari. Kwa macho ni nukta moja ya manjano. Mwaka 1899, William Wallace Campbell huko California na Hugh Newall huko Cambridge, kila mmoja kivyake, waliutawanya mwanga wake katika rangi zake wakakuta ni mwanga wa nyota mbili. Zote mbili ni majitu: moja ina kipenyo takriban mara 12 ya Jua, nyingine karibu mara 9, na huzungukana kila baada ya siku 104 zikiwa zimeachana takriban kilomita milioni 111. Zipo miaka ya nuru 43 hivi kutoka kwetu.

Ninaamini hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huu kwamba maisha ya nyota huamuliwa hasa na tungamo inayozaliwa nayo. Jitu la kwanza lina tungamo mara 2.57 ya Jua, la pili mara 2.48, yaani tofauti ya asilimia tatu tu. Hata hivyo lile zito limekwisha kupita hatua nzima: haidrojeni ya kiini chake imekwisha na sasa linaunguza heliamu. Mwenzake ndiyo kwanza anavimba na kupoa. Lile zito hujizungusha polepole, kwa siku 104 hivi, ilhali jepesi humaliza mzunguko kwa siku 8 na nusu. Hata lithiamu inasimulia hayo hayo. Jitu lililotangulia limebaki nayo kidogo mno, kwa sababu gesi ya juu ilichanganyika na tabaka za ndani zenye joto la kuiteketeza. Kwa jingine bado ipo. Nyota yenye tungamo kubwa hutumia fueli yake kwa kasi kubwa zaidi, hivyo ziada hiyo ndogo inatosha kulitanguliza.

Mtu anaweza kuuliza kama kweli zilizaliwa pamoja, au kama moja ilimnyang'anya mwenzake gesi. Nyota moja kuinasa nyingine ni jambo adimu, kwa kuwa lazima kitu cha tatu kiondoke na nishati iliyozidi. Tena metali zilizomo katika nyota hizi mbili hazionyeshi asili tofauti. Kuhusu kunyang'anyana, jitu kubwa lina nusu kipenyo cha kilomita milioni 8 na kidogo, na mahesabu yanaonyesha kuwa hata lilipovimba zaidi hapo awali halikufikia mpaka ambapo gesi yake ingemwagikia kwa mwenzake.

Pingamizi zito zaidi lilitoka kwenye vipimo vyenyewe. Mwaka 2009 Guillermo Torres na wenzake walipata tungamo mbili zinazotofautiana kwa asilimia moja tu, na nadharia ya maisha ya nyota ikashindwa kuzipa nyota hizo umri mmoja. Ungeweza kusema nadharia ni mbovu. Lakini jitu jepesi, kwa kujizungusha haraka, lina mistari ya mwanga iliyotanuka na kufifia, na kasi yake, ambayo ndiyo inayotumika kukokotoa tungamo, ni ngumu kupima. Michael Weber na Klaus Strassmeier waliipima upya mwaka 2011 wakapata tofauti kubwa zaidi ya tungamo, na mwaka 2015 Torres mwenyewe akaithibitisha. Hapo ndipo umri mmoja, kati ya miaka milioni 590 na 650, ukazitosha zote mbili. Kwangu huu ndio uzito wa hoja: nadharia ilikataa vipimo vyenye kosa, na ikakubali vilivyosahihishwa, bila kupindishwa iwafurahishe wapimaji.

Linabaki jambo moja la haki kwa wanaotilia shaka. Hatua aliyomo jitu jepesi ni fupi sana katika maisha ya nyota, kwa hiyo kuikuta katika jirani yetu wa karibu hivi ni bahati. Bahati hiyo inaeleza kwa nini jozi kama hii ni adimu. Haibadilishi tungamo zilizopimwa.