Chupa ya Chuma na Maji ya Jana

Kosta iliyotoka Dar es Salaam ikisimama Mapinga, Kerege au Zinga, madirisha huzungukwa na beseni za maji. Chupa ndogo shilingi 500, baridi mpaka inatoka jasho. Abiria anakunywa, na kabla gari halijaingia Bagamoyo mjini chupa imeshakuwa kopo. Ndilo jina lake mtaani, na waokota makopo huyauza kwa kilo. Lisiloonwa na mwokotaji hulala mtaroni likingoja masika.

Mvua zikishika, mitaro na Mto Ruvu huyasomba hadi baharini. Plastiki ya chupa yenyewe ni nzito kuliko maji, hivyo chupa ikishajaa huzama. Kizibo ni plastiki ya aina nyingine, nyepesi, kinaelea. Bahari ikipwa, utaviona vizibo vya buluu na vyeupe vimenasa kwenye vipumulio vya michu, kule kwenye mikoko. Chupa zake zingine ziko chini huko, hazionwi na mtu.

Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya rambo tarehe 1 Juni 2019, vikapu vikarudi sokoni. Chupa za maji hazikuguswa. Kenya ilizizuia kwenye maeneo yake ya hifadhi kuanzia 5 Juni 2020. Bagamoyo uamuzi umebaki kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba mara nyingi hukosea kwa kuanzia dukani. Ananunua chupa za chuma zinazong'aa, moja kwa kila mtoto, na wiki ya pili watoto wamerudi kwenye maji ya duka. Chupa ipo, maji ya kutia ndani hayapo. Anayetoa shilingi 500 analipia usalama na ubaridi. Ile plastiki amefungiwa tu.

Kazi basi huanza usiku, jikoni. Maji yenye tope huchujwa kwanza kwa kitambaa safi, kisha huchemshwa. Yakishatokota kwa dakika moja yanatosha. Yakipoa humiminwa kwenye ndoo yenye mfuniko na bomba, ili asiwepo wa kuchovya kikombe. Nyumba iliyobakiza mtungi wa udongo imebahatika: maji yanayopenya kwenye udongo hukauka kwa nje na kuondoka na joto, bila umeme. Asubuhi kila mmoja anajaza yake.

Watoto watatu wanaonunua chupa moja moja kila siku ya shule, kwa siku 22, humaliza shilingi 33,000 kwa mwezi. Chupa za chuma zikipatikana kwa 20,000 kila moja, zimejilipa kabla mwezi wa pili haujaisha. Mkaa au gesi ya kuchemshia itolewe humo humo. Familia ambayo watoto wake hubeba kopo la zamani lililojazwa nyumbani, nazo ni nyingi, haitaona akiba hiyo. Lakini kopo hilo nalo lina neno lake, kwa kuwa plastiki huachia chembe ndani ya maji, na joto huzidisha. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia uliotoka Januari 2024 ulikuta wastani wa chembe 240,000 katika lita moja ya maji ya chupa. Zinafanya nini mwilini, wanasayansi wangali wanachunguza.

Ya kutafuta ni stenlesi, chuma chenye kromiamu kisichohitaji kupakwa kitu ndani. Ya alumini hupakwa utando, na utando ukichubuka haifai tena, hasa kwa juisi ya ukwaju. Yenye kuta mbili hutunza ubaridi mpaka jioni, ila ni mzigo kwa mtoto wa darasa la kwanza. Anayekwenda nayo baharini aisuuze kwa maji baridi akirudi, maana chumvi hutoboa hata stenlesi. Harufu ikianza, asihangaike na tumbo la chupa. Avue ule mpira wa kwenye kifuniko, mara nyingi uchafu umejificha hapo.

Kisha kuna kupotea. Watoto ishirini wakitoka madrasa, chupa zote zinafanana, na stika ya jina huwa imeshabanduka kwa maji. Suluhisho ni msumari: jina linachorwa kwenye kitako, herufi kubwa, kabla chupa haijatoka nyumbani mara ya kwanza.