Bunduki Kuukuu Tuifanyeje?

Vita vikiisha, askari hurudi nyumbani. Bunduki hazina kwao. Nyingine huachwa ghalani bila mlinzi. Nyingine hufukiwa ardhini, au hufichwa darini juu ya mahindi. Miaka inapita. Aliyeificha anafariki dunia, na watoto wake wanaikuta imeota kutu. Hapo wanaanza kuulizana. Tuitupe mtoni? Tuiuze? Tumpelekee mhunzi atufulie jembe?

Jirani zetu wa Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, walikutana na swali hili kwa ukubwa kuliko sisi. Walipigania uhuru wao kwa miaka kumi, toka 1964 hadi 1974. Kisha wakapigana wenyewe kwa wenyewe. Vita hivyo vya pili vilikwisha tarehe 4 Oktoba 1992, mkataba wa amani ulipotiwa sahihi mjini Roma. Umoja wa Mataifa ulikusanya silaha nyingi, lakini sehemu kubwa haikuharibiwa. Nyingine zilibaki zimefichwa porini na vijijini. Majambazi wakajua. Bunduki za Msumbiji zikavushwa mpaka wa Afrika Kusini, zikatumika katika ujambazi. Ndiyo maana toka mwaka 1995 polisi wa nchi hizo mbili walishirikiana kuyatafuta maficho hayo na kuziharibu silaha papo hapo.

Mwaka huohuo wa 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji lilianza njia nyingine. Kiongozi wake katika jambo hili alikuwa Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa la Anglikana. Wazo lake linatoka katika Biblia, kitabu cha Isaya, panapotajwa silaha kugeuzwa kuwa zana za shamba. Mtu alileta bunduki, akapewa kitu cha kumsaidia maishani. Wengine walipata majembe. Wengine walipata cherehani, baiskeli au mabati ya kuezekea. Bunduki ilikatwa vipande ili isifanye kazi tena.

Watu waliwaamini watu wa makanisa kwa sababu hawakuwauliza maswali mengi. Hilo naliona ni jambo kubwa. Mwenye kuficha bunduki huogopa mambo mawili: kufungwa na kuchekwa. Ukimwondolea hofu, ataileta mwenyewe. Shida ilikuwa kwamba vitu vya kubadilishana havikutosha nyakati zote, na mtu aliyeahidiwa baiskeli akaikosa hawezi kwenda kumshawishi jirani yake.

Hapa nisahihishe jambo moja. Wengi husikia habari hii wakadhani kwamba jembe lilifuliwa kutokana na mtutu. Sivyo. Majembe yalikuwa mapya. Vipande vingi vya bunduki walipewa wachongaji na mafundi wa sanaa mjini Maputo. Mmoja wao, anayejulikana kwa jina la Kester, alitengeneza kiti cha enzi kwa vipande hivyo mwaka 2001. Leo kiti hicho kimo katika jumba kubwa la makumbusho mjini London. Na bendera ya Msumbiji, kama hujapata kuitazama vizuri, ina bunduki na jembe juu ya kitabu.

Basi turudi kwenye ile bunduki ya darini. Wengine husema, "Bwana Shamba, hiyo ni chuma tu, imekufa." Mimi siamini kwamba imekufa. Risasi nyingi za zamani zikifyatuliwa huacha majivu yenye chumvi ndani ya mtutu. Kila mkulima anajua chumvi inavyovuta maji wakati wa masika. Bunduki isiposafishwa, chumvi hiyo huvuta unyevu, na kutu hula chuma kwa ndani. Kwa nje utaona mtutu mzima, kumbe ndani umekuwa mwembamba. Pengine nyigu wamejenga humo, na udongo umeuziba. Ukiifyatua, nguvu ya baruti inakosa pa kutokea. Mtutu hupasuka karibu na uso wako.

Na risasi nazo huzeeka. Unaweza kufyatua, kukawa kimya, ukadhani imeharibika. Unaigeuza ili uitazame mdomoni, ndipo inapolipuka. Zaidi ya hayo, aliyeificha huenda aliiacha na risasi ndani.

Kuiuza je? Tazama Karamoja, kaskazini mashariki ya Uganda. Mwaka 1979 Idi Amin alipoangushwa, askari wake waliikimbia kambi ya Moroto na kuiacha ghala ya silaha. Wenyeji wakazichukua bunduki. Wizi wa ng'ombe ulikuwapo toka zamani, lakini tangu hapo ukawa wa kuua watu wengi. Serikali ya Uganda ilianza mpango wa kuzikusanya bunduki hizo mwaka 2001, na kazi hiyo haikuwa nyepesi. Bunduki unayomuuzia mtu leo, hujui kesho itaingia zizi la nani.

Kumpelekea mhunzi nako hakufai. Joto la fueli hulipua risasi iliyosahauliwa ndani. Tena sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha za moto na risasi haimruhusu mtu kukaa na bunduki bila kibali. Mhunzi wako atakamatwa pamoja nawe.

Kwa hiyo ukiikuta, usiishike. Watoe watoto katika nyumba hiyo. Usiibebe kwenye basi wala baiskeli kwenda nayo kituoni, maana njiani utaonekana jambazi. Nenda mikono mitupu kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, umweleze ilivyokutwa na ni ya nani. Yeye atawaita polisi. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi wa Septemba kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari. Sikiliza redio ujue tangazo la Serikali linasemaje mwaka huo.

Polisi wakiichukua, omba karatasi ya kupokelewa, na mwenyekiti aandike majina ya waliokuwapo. Risasi zilizolala kando yake ziachwe palepale zilipo. Waambie tu ziko wapi.